Mwalimu wa Kwaya wa Leipzig: Kumbukumbu ya Johann Sebastian Bach

Mwezi Juni mwaka 1749, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Drei Schwanen mjini Leipzig, wakubwa wa mji walikaa kumsikiliza mwanamuziki aitwaye Gottlob Harrer akifanyiwa usaili wa kazi ya kuongoza muziki wa makanisa ya mji huo. Kazi yenyewe haikuwa wazi. Aliyekuwa akiifanya, Johann Sebastian Bach, alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 64, na makao yake yalikuwa humo humo mjini, katika jengo la shule ya Mtakatifu Thomas. Taarifa za wakati ule zinasema bila kificho kwamba Harrer alisikilizwa ili mtu awepo tayari endapo Bach angefariki. Mzee akaishi mwaka mmoja na wiki kadhaa zaidi. Alifariki jioni ya tarehe 28 Julai 1750, na Harrer akapewa nafasi hiyo.

Makanisa kadhaa ya Kilutheri duniani yameitenga tarehe 28 Julai kuwa siku ya kumkumbuka, na kila siku hiyo inapokaribia huwa nasoma makala zinazomwita baba wa muziki, mtaalamu asiye na mfano, fahari ya Ujerumani. Sina ugomvi na sifa hizo. Hata hivyo, mimi ni mwalimu wa kwaya wa usharika, na ninachokiona kwanza katika maisha yake ni kile ambacho makala hizo hukipita haraka: kwamba alikuwa mwajiriwa, mwenye waimbaji wasiotosha, mapato yanayopanda na kushuka, wakubwa wanaonung’unika, na Jumapili ambayo haijawahi kuahirishwa hata mara moja kwa sababu mwalimu hajamaliza kuandika wimbo. Nitamkumbuka kwa upande huo.

Alizaliwa Machi 1685 huko Eisenach, mji mdogo ulio chini ya ngome ya Wartburg, ile ambayo Martin Luther alijificha ndani yake na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Ukoo wa Bach ulirithishana muziki kama koo za wahunzi zinavyorithishana nyundo na mvukuto. Baba yake alikuwa mpiga ala wa mji, na ami zake na binamu zake walitapakaa katika makanisa na majumba ya watawala wa eneo lote la Thuringia. Alipofika umri wa miaka kumi alikuwa amekwisha kuwapoteza mama na baba. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa Ohrdruf, akamchukua na kumlea. Taabini iliyoandikwa na mwanawe Carl Philipp Emanuel pamoja na mwanafunzi wake mmoja, na kuchapishwa mwaka 1754, inasimulia kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha nota alichokifungia kabatini, na kwamba mtoto alipenyeza mkono kati ya nondo za mlango wa kabati, akakitoa, akakinakili usiku kwa mwanga wa mbalamwezi kwa muda wa miezi sita. Kaka alipogundua, alimnyang’anya nakala yote. Huenda simulizi hiyo imetiwa chumvi kidogo, kama simulizi za familia zilivyo, lakini kuhusu kunakili haina shaka: huyu ni mtu aliyejifunza muziki kwa kalamu, kwa kuandika upya kazi za waliomtangulia.

Mwaka 1703, akiwa kijana wa miaka 18, aliitwa Arnstadt kukagua kinanda kipya cha mabomba katika Kanisa Jipya la mji huo, na wenyeji wakampenda wakampa kazi ya kukipiga. Hapo ndipo malalamiko yalipoanza, nayo yameandikwa katika kumbukumbu za mamlaka ya kanisa kwa namna inayomchekesha yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha wazee wa kanisa. Aliomba ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mkongwe Dieterich Buxtehude, mwendo wa zaidi ya kilomita 400 ambao taabini inasema aliutembea kwa miguu, akarudi baada ya muda uliokaribia mara nne ya ule aliopewa. Alipoulizwa, alijibu kwamba alikwenda kujifunza mambo ya kazi yake na kwamba alikuwa ameacha mtu wa kushika nafasi. Kisha wakamweleza kwamba anapowapigia washarika nyimbo za ibada hutia madoido na sauti za ajabu hadi watu wanapotea. Tena, alikuwa akipiga utangulizi mrefu mno, na mkuu wa wachungaji alipomwonya, akageukia upande wa pili na kuupiga mfupi mno. Nimewafahamu wapiga kinanda wa namna hiyo. Ukimwambia apunguze, anakupunguzia mpaka unajuta kwa nini ulisema.

Kulikuwa na ugomvi mwingine pia, na sitauficha kwa sababu tu mwenyewe amekwisha kuwa mtu wa kalenda. Alimtukana mwanafunzi mmoja aliyepiga fagoti, zumari kubwa ya besi, akimfananisha mlio wake na wa mbuzi kwa maneno makali, na siku moja mwaka 1705 mwanafunzi huyo alimngojea njiani usiku akiwa na fimbo. Bach akachomoa upanga, na waliokuwapo wakawaamulia. Wakubwa wa kanisa walimshauri ajifunze kuishi na wanafunzi jinsi walivyo. Hakujifunza kamwe. Katika kazi ya kwaya kuna walimu wenye subira na kuna walimu wenye masikio, na mara chache mtu mmoja hupewa vyote viwili. Yeye alipewa masikio.

Baada ya Arnstadt alikwenda Mühlhausen kwa mwaka mmoja hivi, na katika barua yake ya kuacha kazi ya Juni 1708 alieleza kwamba shabaha yake ilikuwa muziki wa kanisa uliopangwa vizuri, kwa utukufu wa Mungu. Kisha Weimar, ambako alikuwa mpiga kinanda wa mtawala kwa miaka tisa na ambako alitunga sehemu kubwa ya muziki wake wa kinanda, na ambako alipoomba kuondoka kwa kusisitiza kupita kiasi alifungwa jela tangu tarehe 6 Novemba hadi tarehe 2 Desemba 1717. Kisha Köthen, kwa mtawala aliyependa muziki lakini aliyekuwa Mkalvini, mfuasi wa mafundisho ya Calvin, hivyo ibada zake hazikuhitaji nyimbo ndefu za kwaya. Mwezi Julai 1720 Bach aliporudi kutoka safari na bwana wake huko Carlsbad alikuta mke wake Maria Barbara, aliyemwacha mzima, amekwisha kuzikwa. Walikuwa na watoto wanne hai.

Mwaka huo huo aliomba nafasi ya mpiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Hamburg, na nalitaja jambo hili kwa sababu linafanana na mengi tunayoyajua. Aliwapigia kinanda wazee wa mji huo, na Johann Adam Reincken, mpiga kinanda aliyekuwa mzee sana, akamsifu hadharani. Lakini kanisa lilitarajia kwamba atakayepata kazi atatoa mchango mkubwa wa fedha kwa mfuko wa kanisa, na nafasi ikaenda kwa mwingine aliyetoa marki 4,000. Mchungaji wa kanisa hilo, Erdmann Neumeister, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa mashairi ya kantata, yaani nyimbo ndefu za ibada za waimbaji na ala, alisema mimbarini wakati wa Krismasi kwamba hata mmoja wa malaika wa Bethlehemu angeshuka na kupiga kinanda kwa namna ya kimbingu na kuomba kazi pale, kama hana fedha ingempasa aruke arudi alikotoka.

Kinanda cha mabomba Bach alikielewa ndani na nje, na katika maisha yake yote aliitwa mji hadi mji kukagua vipya. Mwanawe alikumbuka kwamba jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuzivuta swichi zote za sauti na kupiga kwa nguvu zote, huku akisema kwa mzaha kwamba lazima ajue kwanza kama chombo kina mapafu mazuri. Mafundi wa vinanda waligeuka rangi. Kinanda kisichovuta hewa ya kutosha kutoka kwenye mivukuto yake hudhihirika papo hapo, sauti ikilegea kama mtu anayeishiwa pumzi, na hakuna polishi ya mbao inayoweza kuuficha udhaifu huo.

Leipzig ilimpata kwa bahati ya wengine kukataa. Johann Kuhnau, aliyeongoza muziki wa mji, alifariki mwaka 1722, na baraza likamchagua Georg Philipp Telemann, ambaye aliitumia nafasi hiyo kupata nyongeza ya mshahara Hamburg na hakuja. Likamtaka Christoph Graupner, lakini bwana wake hakumwachilia. Ndipo diwani mmoja akasema, na karani akaandika, kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi wachukuliwe wa kadiri. Wasomi wengine hueleza kwamba diwani huyo alimaanisha uwezo wa kufundisha shuleni na si muziki, na pengine ni kweli. Hata hivyo maneno hayo yamemfuata diwani kwa miaka 300. Bach alitia saini masharti: asitoke mjini bila ruhusa ya meya, afundishe Kilatini, na muziki wake kanisani usiwe mrefu kupita kiasi wala usifanane na mchezo wa jukwaani, bali uwaamshe wasikilizaji kumcha Mungu. Kazi ya kufundisha Kilatini alimlipa mwalimu mwingine amfanyie.

Hapa nisahihishe jambo moja linalorudiwa mara nyingi. Huko Leipzig Bach hakuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Thomas. Makanisa makubwa yalikuwa na wapiga kinanda wao walioajiriwa. Yeye alikuwa kantori, yaani mwalimu wa muziki wa shule ya Mtakatifu Thomas na mwongozaji wa muziki wa mji, mwenye wajibu wa kupeleka waimbaji katika makanisa manne kila Jumapili. Waimbaji hao walikuwa wavulana wa bweni la shule, wapatao 55. Aliwagawa katika kwaya nne: ile bora iliimba kantata, ikipokezana wiki hadi wiki kati ya kanisa la Mtakatifu Nikolai na la Mtakatifu Thomas, na ile ya mwisho, ya wale ambao hata wimbo wa kitabuni uliwashinda, ilipelekwa kanisa la Mtakatifu Petro. Hivyo kulikuwa na washarika mjini Leipzig ambao, katika zama za Bach, walisikia kila Jumapili waimbaji wabovu kuliko wote mjini, na wakalipa sadaka yao kama wengine.

Alianza tarehe 30 Mei 1723 na kantata katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, na tangu hapo akaingia katika mwendo ambao mimi, ninayepata shida kuandaa wimbo mmoja mpya kwa mwezi, siwezi kuusimulia bila kustaajabu. Ibada kuu ilianza saa moja asubuhi na kuendelea kwa karibu saa nne. Baada ya kusomwa Injili, kantata iliimbwa kwa muda wa dakika 20 hadi 30, kisha mahubiri ya saa nzima. Maneno ya kantata yalipaswa kuendana na somo la Jumapili hiyo, kwa hiyo wimbo wa juma lililopita haukufaa juma hili. Katika wiki moja alipaswa kuwa na shairi, kulitungia muziki wa waimbaji na ala, kuwagawia wanafunzi na watu wa nyumbani mwake kazi ya kunakili kwa mkono karatasi ya kila sauti na kila ala, kusahihisha nakala, kufanya mazoezi Jumamosi, na kuimba Jumapili asubuhi. Jumatatu akaanza upya. Mapumziko yalikuwa Majilio, isipokuwa Jumapili ya kwanza, na Kwaresima, wakati ambapo kantata hazikuimbwa. Na mapumziko hayo ya Kwaresima ndiyo aliyoyatumia kuandaa muziki wa Mateso kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Miaka miwili ya kwanza alifanya hivi karibu kila wiki. Kantata za kanisa zilizobaki ni kama 200, na taabini inaashiria kwamba nyingine nyingi zimepotea.

Kichwani mwa karatasi aliandika herufi mbili, J.J., ombi la Kilatini kwamba Yesu amsaidie, na mwishoni S.D.G., kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Wengi hunukuu herufi za mwisho. Mimi hupendezwa zaidi na zile za mwanzo, maana naijua Alhamisi usiku ilivyo kwa mtu ambaye sauti ya tatu bado haijaandikwa.

Mateso ya Bwana kwa Mathayo, yaliyoimbwa kwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727 kwa makubaliano ya wasomi wengi wa sasa, yalihitaji kwaya mbili na vikundi viwili vya ala, na mahubiri yalitolewa katikati, kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Haikuwa tamasha, bali ibada ya alasiri. Katika kazi hiyo tuni moja ya kitabuni, ile tunayoiimba nasi wakati wa Kwaresima kuhusu kichwa cha Bwana kilichovikwa taji ya miiba, inarudi mara tano, karibu kila mara ikiwa na upatanisho mwingine wa sauti, na baada ya Yesu kukata roho inarudi kwa namna ya huzuni kuliko zote. Tuni yenyewe ilizaliwa ikiwa wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601. Huwa nawakumbusha hilo watu wanaopiga kelele kwamba vijana wanaingiza tuni za duniani kanisani, na huwa hawanipendi kwa muda.

Mwaka 1730 uhusiano wake na baraza uliharibika kabisa. Katika kikao cha mwezi Agosti madiwani walisema kwamba kantori hafanyi kitu, tena hataki kujieleza, na wakazungumzia kumpunguzia mapato. Baadaye mwezi huo huo, tarehe 23 Agosti, Bach aliwaandikia waraka mfupi kuhusu mahitaji ya muziki wa kanisa ulio sawasawa, na waraka huo ningependa kila kamati ya uinjilisti na kwaya iusome. Hakuna ndani yake hata sentensi moja ya kujipendekeza. Anaeleza kwamba kila kwaya inahitaji waimbaji 12 kwa uchache, watatu kwa kila sauti, ili mmoja akiugua wabaki wawili, na kwamba 16 wangefaa zaidi. Anataja wapiga ala wa mji wanane tu aliopewa na kusema kwamba adabu inamzuia kueleza uwezo wao kwa ukweli. Kisha anawahesabu wavulana wake na kuwapanga: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Watunzi wakubwa hawazoeleki kufikiriwa wakiwa na wavulana 17 wasioweza kushika tuni, lakini muziki tunaouita wa mbinguni uliimbwa kwa mara ya kwanza na watoto hao, katika baridi ya roshani ya kanisa, kwa karatasi ambazo wino wake ulikuwa na siku mbili.

Baraza halikumjibu kwa vitendo. Mwishoni mwa Oktoba akamwandikia rafiki yake wa shule, Georg Erdmann, aliyekuwa Danzig, akiomba asaidiwe kupata kazi kwingine. Mapato yake, anasema, yanafika thaler 700 hivi kwa mwaka, lakini mengi hutegemea ada za ziada, hasa za mazishi ambako wavulana waliimba; watu wakifa wengi, mapato hupanda, na hali ya hewa ikiwa nzuri, hushuka, kama mwaka uliotangulia ambapo alipoteza zaidi ya thaler 100 kwa uchache wa misiba. Wasomaji wengine huona ukatili katika maneno hayo. Mimi naona mhasibu wa nyumbani kwake, mwenye watoto wengi. Kwetu kwaya huenda msibani bila malipo, na mwalimu wa kwaya akirudi usiku amepata chakula cha msiba na asante. Sijui kama utaratibu wetu ni wa haki zaidi, ila unatuepusha na hesabu ya namna hiyo.

Hakuondoka. Alibaki Leipzig kwa miaka 20 zaidi, akiwa amepunguza utungaji wa kantata na kuhamishia nguvu zake kwingine, ikiwamo kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu kilichopiga muziki katika mkahawa wa kahawa wa Zimmermann. Mwaka 1736 akaingia katika vita na mkuu mpya wa shule, Johann August Ernesti, msomi wa lugha za kale aliyeona muziki unawapotezea wavulana muda wa masomo, kuhusu nani mwenye haki ya kumteua kijana kiongozi wa kwaya. Bach alifika hatua ya kumfukuza kiongozi aliyeteuliwa na mkuu kutoka roshani katikati ya ibada. Waathirika walikuwa wavulana, ambao hawakujua wamtii nani. Na mwaka 1739 karani wa baraza alipomwendea kumwambia kwamba muziki wa Mateso usiimbwe mpaka ruhusa itolewe, alijibu kwamba yeye hajali, maana hapati chochote kutokana na kazi hiyo na ni mzigo tu. Hilo ni jibu la mtu aliyechoka, na ni jibu la mtu yule yule aliyekuwa ameandika Mateso kwa Mathayo.

Katika ndoa zake mbili alizaliwa watoto 20, na kumi kati yao walifariki wakiwa wadogo. Mke wake wa pili, Anna Magdalena, aliyemwoa Desemba 1721, alikuwa mwimbaji mwenye kazi yake na mshahara wake katika nyumba ya mtawala wa Köthen. Leipzig haikuwa na nafasi kwa sauti yake kanisani, kwa kuwa wanawake hawakuimba katika kwaya hizo. Alizaa watoto 13, na mwandiko wake umefanana na wa mume wake hivi kwamba wachunguzi wa baadaye walichanganya nakala zao. Katika barua ile ya Erdmann Bach anajivunia kwamba anaweza kufanya tamasha kwa watu wa nyumbani kwake tu, na anamtaja mke wake kuwa na sauti safi ya kwanza.

Maoni yake ya ndani kuhusu kazi hii hatukuachiwa mengi, isipokuwa alama chache alizoandika pembeni mwa Biblia yake yenye maelezo ya Abraham Calov, ambayo ilivuka bahari na kuonekana tena huko Michigan, Marekani, mwaka 1934. Penye 2 Mambo ya Nyakati 5:13, pale wapiga tarumbeta na waimbaji wanapotoa sauti moja na nyumba ya Bwana ikajawa wingu, aliandika kwamba palipo na muziki wa ibada Mungu yupo daima kwa neema yake. Kwa mtu aliyeambiwa hafanyi kitu, hiyo ni kauli nzito, na aliiandika mahali ambapo hakuna diwani angeisoma.

Watu huniuliza mzee huyu wa Ujerumani ametuhusu nini. Njia ni fupi kuliko wanavyodhani. Chama cha misioni kilichowatuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame, kilikuwa na makao yake Leipzig, na waliokuja walikuja na nyimbo za ibada za Kilutheri zilizoimbwa katika makanisa yale yale, pamoja na desturi ya matarumbeta ambayo sharika zetu za kaskazini hazijaiacha. Tuni ya Luther iliyotokana na Zaburi ya 46, ambayo kila mtoto wa kipaimara anaijua, ndiyo aliyoijengea kantata nzima kwa Siku ya Matengenezo. Nyimbo hizo za kitabuni kama alivyozipangia sauti nne zilikusanywa na kuchapishwa Leipzig kati ya 1784 na 1787, zipatazo 371, na mpaka leo mwanafunzi wa muziki akifundishwa jinsi sauti ya pili inavyopaswa kwenda bila kugongana na ya nne, hufundishwa kwa nyimbo hizo. Mimi nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu wa kwaya, aliyekuwa na nakala za kurudufu zilizofifia, wala hakutuambia zimetoka wapi mpaka tulipokuwa tumeziimba kwa muda mrefu.

Mwaka 1750 macho yake yalikuwa yameharibika, na akapasuliwa mara mbili, Machi na Aprili, na daktari Mwingereza msafiri aitwaye John Taylor. Hakupona. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohane bila jiwe lenye jina. Mabaki yanayoaminika kuwa yake yalifukuliwa mwaka 1894, na baada ya vita vya pili vya dunia kuliharibu kanisa hilo yakahamishiwa kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako wageni huweka maua. Barazani, walipokaa kumteua Harrer, ilisemwa kwamba shule inahitaji kantori na si mkuu wa wapiga muziki wa ikulu.

Anna Magdalena aliruhusiwa kukaa katika nyumba ya kazi ya mumewe kwa miezi sita pamoja na malipo ya muda huo, ambayo baraza liliyakata kwa sababu mwaka 1723 Bach alikuwa amelipwa robo nzima ilhali alianza kazi katikati yake. Wana wakubwa waligawana sehemu kubwa ya nota za kantata, na zile zilizomwangukia mkubwa kuliko wote, Wilhelm Friedemann, zilitawanyika kwa kuuzwa alipokuwa na shida ya fedha. Mjane alifariki tarehe 27 Februari 1760 akiwa miongoni mwa wanawake waliopokea sadaka za mji. Fungu lililomfikia yeye lilikuwa karatasi za waimbaji na wapiga ala za kantata za mwaka wa pili, zile zilizojengwa juu ya nyimbo za kitabuni, naye aliliachia shule ya Mtakatifu Thomas. Kwa kuwa shule haikuziuza, zipo Leipzig hadi leo zikihifadhiwa katika kituo cha nyaraka za Bach, zikiwa na miandiko ya wavulana, ya kwake mwenyewe, na masahihisho ya mumewe pale mnakili aliporuka nota.